Vitofali Vilivyofuliwa

Kazi yangu ni kufua nguo za watu, na mfuaji aliyekomaa hatii nguo majini kabla ya kupekua mifuko. Ndivyo nilivyoijua siri ya binti yangu. Ndani ya ovaroli yake, iliyokakamaa kwa rangi za magari, nilitarajia kukuta msumari, tiketi, au labda barua ya mwanamume. Nikakuta gari. Gari zima la chuma, lenye urefu wa kidole changu cha shahada, jekundu, limebabuka mlangoni.

Nililiweka dirishani nikaendelea kufua, jicho likirudi pale pale. Mtu wa miaka ishirini na saba ana gari la kuchezea mfukoni, na nyumbani hatuna mtoto. Moyo wangu hauchelewi kuhangaika. Hadi anarudi jioni, kichwani mwangu nilikuwa nimeshamwozesha, nimemzalisha na kumpa talaka.

"Ni langu, mama," akasema. "Limenizidi umri. Hata wewe limekuzidi."

"Na linafanya nini?"

"Halifanyi kitu. Lipo tu."

Huyo ndiye binti yangu. Kazi yake ni kupuliza rangi za magari, na gereji nzima inamwita Bi Rangi. Gari likigongwa ubavuni, yeye ndiye anayechanganya rangi ya kuzibia, mpaka mwenye gari mwenyewe asijue palipogongwa. Jicho lake si la kawaida. Husimama mbele ya ukuta mweupe akakwambia, "Hapa palipakwa siku nyingine." Nikienda naye kununua kitambaa, muuzaji hutamani tuondoke.

Siku za mapumziko, wenzake wakienda kusuka nywele, yeye huinamia marundo ya mitumba na vyuma chakavu. Anakusanya aina mbili tu za vitu: hivyo vigari, na vitofali vya plastiki vya kuchezea, vyenye vinundu juu vya kushikania. Wala si vyovyote. Anataka vya zamani, ambavyo havitengenezwi tena.

Mwanzoni nilimcheka. Halafu, akishaenda kazini, nikaanza kuchukua lenzi yake na kuchungulia. Nikagundua kwamba baadhi ya vigari vina viti ndani, vidogo kama punje za mchele. Nikagundua pia kwamba kitofali cha zamani kabisa ukikigeuza kiko tupu chini kama kikombe, wakati vya baadaye vina mirija katikati ili vishikane vizuri. Nani alikuwa wa kwanza kufikiria ile mirija? Nilikuwa nafua shuka za watu nikiwaza mambo hayo.

Mitaa miwili kutoka kwetu aliishi mzee aliyeuza dawa kwenye duka la kona kwa miaka thelathini na sita. Tulimwita Mzee wa Dawa. Alikuwa na kabati la vioo, refu kutoka sakafuni hadi juu, limejaa vigari na vitofali, kila kimoja na kikaratasi chake chenye maelezo, kama chupa ya dawa ya kikohozi. Binti yangu alikuwa akienda kwake kila wiki kama mwanafunzi.

Mwaka huu macho ya mzee yalififia, na mwanawe akataka akaishi naye kwenye nyumba ya ghorofani, isiyo na nafasi hata ya kiti cha ziada. Kabati lisingeweza kwenda. Mchuuzi mmoja wa vitu vya kale alitaka kulichukua na kuuza kitu kimoja kimoja. Mzee hakutaka mkusanyiko wake utawanyike. Akampa binti yangu sanduku la vitofali vyeupe, seti ya kujengea nyumba nzima.

"Kaa nalo wiki mbili," akamwambia. "Lipange, uniletee maelezo. Nikiridhika, kabati lote ni lako. Nisiporidhika, mchuuzi anakuja Jumatatu."

Kwa wiki hizo binti yangu, ambaye hupiga mluzi hata akila, hakupiga mluzi hata mara moja.

Siku ya kumi na mbili, alipokwenda kazini, nilifungua lile sanduku. Vitofali vyeupe, sawa, lakini weupe gani ule? Vilikuwa na umanjano, ule wa kola ya shati la mwalimu. Nimepambana na umanjano huo miaka ishirini na mitano. Nikajisemea, mwanangu ana mengi kichwani, ngoja nimsaidie.

Nguo nyeupe sizifui zote kwa mkupuo. Huanza na chache nione. Nikachukua vitofali kumi na kimoja. Nikatia maji ya moto, sabuni ya unga, na tone la buluu, ile ya kung'arishia nguo nyeupe. Nikaenda kunywa chai.

Niliporudi vilikuwa safi. Hilo nitalisema mpaka kufa: vilikuwa safi. Lakini vilikuwa vimejikunja. Kimoja kimepinda kama ukucha, kingine kimeinua ncha kama soli ya kiatu kilicholoa kikaanikwa juani. Niliwaza kuvipiga pasi. Namshukuru Mungu niliishia kuwaza.

Binti yangu alivikuta mezani juu ya taulo, vimelazwa kama wagonjwa wodini.

"Nani?"

"Mimi."

Akakaa kitini na ovaroli yake. Hakupiga kelele, na hapo ndipo nilipoogopa kweli. Akachukua lenzi, akatazama kimoja baada ya kingine. Chozi likamtoka, akalifuta kwa mkono wa ovaroli, ukamwachia mstari wa kijani shavuni.

"Maji yalikuwa ya moto kiasi gani?"

"Ya kufulia shuka."

"Vilikaa muda gani?"

"Kikombe kimoja cha chai."

"Kile kikubwa?"

"Mwanangu, nitukane tu tumalize!"

"Nakuuliza, mama. Nilisikia kwamba plastiki ya zamani hivi haipendi moto, ila sijawahi kuona. Angalia, vyote vimepindia upande mmoja. Na buluu yako imeganda pembeni."

Nikaangalia. Kweli, kwenye kona za ndani kulikuwa na chembe za buluu.

"Una vyeupe vyako kwenye mkebe," nikamwambia. "Tia kumi na kimoja. Mzee haoni."

"Vyangu vina mirija, vyake havina. Na mzee siku hizi anasoma kwa kidole gumba."

"Labda na kidole kimechoka."

"Mama!" Akacheka kidogo, bila kutaka. "Kazini naziba palipogongwa mpaka mtu asijue. Hapa sizibi."

Akavitia kwenye bahasha, akaandika juu yake: Kumi na kimoja. Vimepindwa na maji ya moto. Hakuandika nani. Nikachukua kalamu, nikaongeza: Mama.

Jumamosi mchana tukaenda wote wawili. Mzee alipokea bahasha, akaviviringisha vitofali vidoleni kimoja kimoja. Akamwambia binti yangu amsomee kilichoandikwa.

"Mama ndiye nani?"

"Ni mimi, mzee. Shikamoo."

"Marahaba. Kazi nilimpa binti, mama sikumpa."

"Ni kweli."

"Vitu hivi vimeishi miaka sitini. Vimekuja kufia kwenye beseni." Akaiweka bahasha mezani. "Mchuuzi nimeshamwambia Jumatatu."

Binti yangu akainamisha kichwa. Mimi nikakosa pa kuweka macho, nikayaweka kwenye kabati. Na mimi macho yangu hayatulii. Katikati ya rafu iliyo usawa wa macho yangu, juu ya kipande cha mahameli, kilikuwepo kitofali kimoja cheupe, kimelazwa ubavu, peke yake. Kimepinda. Kikaratasi chake kilisema: Kosa la kiwandani. Hakuna kingine.

"Na hiki, mzee?"

Pamoja na hasira zake, uso ukamfunguka. "Hicho ndicho mfalme wa kabati. Kilitoka kiwandani hivyo hivyo. Watu wamepanda ndege kuja kukitazama."

Binti yangu alikuwa ameshauona mkunjo ule, unaofanana na wa vitofali vyetu. Akanitazama, halafu akanikanyaga mguu ninyamaze.

Ningenyamaza. Nilikuwa nimeshamharibia vitofali, je, nimnyang'anye na mfalme? Lakini mkono ulikuwa umeshaomba lenzi. Nikaitegesha kiooni. Ndani ya kona, kule ambako kidole gumba hakifiki, kulikuwa na buluu.

"Mzee," nikasema, "hapa kwenu nani alikuwa anafua?"

"Marehemu mke wangu. Kwa nini?"

"Alikuwa anatia buluu?"

"Nguo zote nyeupe. Mashati yangu ya dukani yalikuwa..." Akakoma.

Nikajua kabati limekwenda na mimi ndiye niliyelisukuma mara mbili.

"Ile buluu nilidhani ni wino wa kiwandani," akasema polepole. "Nilikuwa nimesafiri. Niliporudi nikakikuta chini kabisa ya gunia la vitofali nilivyonunua kabla ya safari, kimefukiwa. Kila mgeni alipokuja kukitazama, yeye alikuwa analeta chai, anaweka, anatoka mbio. Nikadhani vigari vinamchosha." Mabega yakaanza kumtikisika, sikujua analia au anacheka. "Miaka ishirini na tisa! Alikifua!"

"Kimoja tu, mzee," nikasema. "Alikuwa mwangalifu kuliko mimi."

Hapo akacheka wazi, huku machozi yanamtiririka. Akamwomba binti yangu amtolee kile kitofali. Akakipapasa mkunjo wake kwa kidole gumba, muda mrefu, kama anakiona mara ya kwanza. Kisha akakitia mfuko wa shati.

"Hiki naondoka nacho. Ile nafasi yake, weka bahasha yako kama ilivyo, na jina la mama yako juu. Wewe umeniandikia palipoharibika, mchuuzi angenifichia." Akageuza uso upande wangu. "Ila ufunguo asipewe huyu."

Sasa kabati liko sebuleni kwetu, limekula nusu ya chumba. Ufunguo binti yangu anauvaa shingoni, hata akioga. Mimi nimeruhusiwa kufuta vioo kwa nje, kwa kitambaa kikavu. Nafuta kila asubuhi, hata pasipo na vumbi, na lenzi naishika mkono mwingine. Juzi niligundua kigari chenye usukani upande usiofaa. Nasubiri arudi nimuulize.