Vipuri vya gari la baba vilikuwa vinapotea, nikamtangaza rafiki yangu kuwa ni mwizi

Admin, asalaam aleikum. Naomba unifichie jina. Hata majina ya humu nimeyabadilisha, maana huku kwetu kusini tunajuana.

Mimi ni mwanaume wa miaka 38, nina mke na watoto wawili, ni fundi magari hapa Lindi mjini. Baba yangu anaishi Kiranjeranje. Umri umekwenda, analima ufuta na korosho, na ndiye muadhini wa msikiti wa pale mtaani. Mama alishatangulia mbele ya haki.

Zamani baba alikuwa dereva wa mhandisi mmoja mgeni. Mhandisi alipoondoka alimwachia gari lake la spoti, milango miwili, limelala chini kabisa. Lilipokufa injini baba akalisukumia kwenye banda la korosho, na humo ndimo nimekua nikiliona limefunikwa magunia. Miaka mitatu iliyopita nikamwambia, "Baba, hili gari nalifufua." Alicheka mpaka akakohoa. "Mwanangu, hilo si gari tena, hiyo ni kutu yenye matairi."

Hakukosea. Sakafu ilikuwa imeliwa mpaka unaona udongo chini. Nikigonga mlango, nabaki na unga mwekundu mkononi. Kila Ijumaa nilipanda basi kwenda Kiranjeranje, narudi Jumapili. Mke wangu alinuna, nikavumilia. Aliyenisaidia ni Issa, tumesoma naye darasa moja, ana gereji ndogo pale barabarani, na kwa kuchomelea bodi sijaona mfano wake. Ile sakafu yote aliisuka upya yeye, na hakutaka kitu. Aliniambia, "Likiwaka unipakie, twende mpaka Nangurukuru na kurudi. Basi."

Mwaka jana injini ikawa tayari. Nimefika Ijumaa moja nikiwa na betri mpya mkononi, kabureta haipo. Tulipindua banda zima. Gari kama lile kabureta yake huipati dukani, niliisaka miezi mitano mpaka nikapata ya mtumba Dar. Nikaifunga. Wiki mbili baadaye ikapotea pampu ya mafuta. Nikatafuta tena. Nilipopata pampu, stata ikaondoka. Jamani, nilikaa chini kwenye vumbi la korosho nikalia, mtu mzima na ndevu zangu.

Baba akaja akasimama mlangoni. Akasema taratibu, "Mimi simsingizii mtu. Lakini ufunguo wa banda ninao mimi na Issa tu."

Sikutaka kusikia zaidi. Nilikwenda moja kwa moja gereji kwa Issa, watu wametoka kuswali Ijumaa, wamejaa pale. Nikamwita mwizi. Nikasema anauza vipuri vyangu kwa mafundi wa Dar. Issa hakunirudishia hata tusi. Alisema tu, "Leteni msahafu niape." Nikamjibu kwamba wezi wote wanaapa.

Neno la mtoto wa muadhini si dogo kijijini. Wateja wakaanza kumpita. Wenye bodaboda wakawa wanasimama na kumlinda anapofungua injini, wakihesabu nati. Mama yake alinifuata mpaka Lindi, akakaa kibarazani kwangu, akasema, "Mwanangu nimemzaa mimi, namjua. Umemuua angali anatembea." Nikainuka, nikaingia ndani.

Mwezi uliopita baba aliumwa, nikamleta hospitali huku Lindi. Akanituma nimfuatie nguo zake nyumbani. Nikafungua sanduku la mbao lililo uvunguni mwa kitanda. Chini ya kanzu nikakuta kanga ya marehemu mama imefungwa fundo. Nimeifungua: kabureta, pampu, stata. Vyote vimepakwa grisi visishike kutu.

Nilirudi hospitali nikaviweka kitandani kwake. Sikuweza hata kumwamkia. Baba alivitazama, akageukia ukutani. Kisha akasema, "Tulipomzika mama yako ulikaa miezi saba hujakanyaga kwangu. Umekuja kwa ajili ya gari. Likiwaka, utafuata nini kwangu?"

Nikamwambia, "Na Issa je, baba?"

"Issa nilimkosea. Lakini nisitiri, mwanangu. Nitapandaje kuadhini watu wakijua?"

Nina hasira na baba, kwa miaka yangu na kwa rafiki aliyenipotezea. Halafu nakumbuka ile miezi saba na hasira inanigeukia mwenyewe, sina pa kuipeleka.

Nilimfuata Issa nikamwomba radhi, nikamwambia vipuri vimeonekana. Akaniuliza, "Vimeonekana wapi?" Nikanyamaza. Akasema, "Ulinichafua mbele za watu, nisafishe mbele za watu. Na watu watakuuliza hilohilo ninalokuuliza mimi." Akaendelea kufunga vifaa vyake kwenye magunia. Anahama Jumamosi, anakwenda kuanza upya Mingoyo, mke wake amechoka kunyooshewa vidole.

Nikisema uongo kwamba vilianguka nyuma ya magunia, hakuna atakayeamini, banda lile nililipekua mbele ya watu. Nikisema kweli, namvua nguo mzazi wangu, mzee na mgonjwa, mbele ya watu anaowaita kwenye sala mara tano kwa siku. Nikinyamaza, Issa anaondoka Kiranjeranje akiwa mwizi, na watoto wake watakua wakiwa watoto wa mwizi.

Baba anaruhusiwa kutoka hospitali kesho, na mimi ndiye wa kumrudisha nyumbani. Ndugu zangu, msinitukane, nimeshajitukana vya kutosha. Nishaurini kabla ya Jumamosi: nimsitiri nani, na nimwache nani?