Mtani Wangu, Kocha wa Besiboli

Duka lilikuwa la vyombo: masufuria, mbuzi za kukunia nazi, chupa za chai zenye maua ubavuni. Lilikuwa kwenye barabara moja ya Barking, mashariki mwa London, na mwenyewe alikuwa mzee wa Kihindi mzaliwa wa Mwanza, ambaye Kiswahili chake kiliwashinda wengi wa wateja wake. Nyuma ya duka, ukishapita maboksi, kulikuwa na chumba chenye viti vya plastiki, birika la umeme na televisheni kubwa kupita kiasi. Humo ndimo nilimojifunza kupenda mchezo ambao sikuwahi hata kuusikia nilipokuwa nakua Tabora.

Siku yetu ilikuwa Jumapili. Mechi ikianza saa saba mchana kule Marekani, kwetu London ni saa kumi na mbili jioni, na kwa saa hiyo kanisani tumeshatoka na mzee ameshafunga duka. Kama sikuwa na shifti kwenye nyumba ya kulelea wazee ninakofanya kazi, nilikuwa naenda na kachori zangu. Watanzania wenzetu walikuwa wamejazana sehemu nyingine wakitazama mpira wa miguu, nasi walituona tumepungukiwa akili.

Aliyetuambukiza ugonjwa huo alikuwa Kocha. Alikuwa dereva wa basi, mtu wa Kisarawe, mrefu, mwenye sauti ya kuamsha mtaa mzima. Besiboli alifundishwa shule ya sekondari na mwalimu wa kujitolea kutoka Japani, na kama hukujua kwamba Tanzania kuna besiboli, mimi pia sikujua. Alituambia kwamba baadaye aliingia timu ya taifa, akasafiri nayo Afrika Kusini na kulinda kituo cha tatu. Alikuwa akisimulia mechi hizo mpaka chai inapoa mikononi. Tulimwamini moja kwa moja, kwa sababu mchezo aliujua kweli, akikuambia mrushaji atarusha nini kabla mpira haujatoka mkononi.

Mimi ni Mnyamwezi, yeye Mzaramo. Kwa asiyejua, hayo ni makabila ya utani. Mtani wako ana ruhusa ya kukusema mbele za watu hadi msibani, na ya kukuchukulia kitu chako mbele ya macho yako, nawe huna ruhusa ya kukasirika. Ukikitaka, unakikomboa. Tangu siku tuliyojuana tulikuwa tunachambana bila huruma, na mzee wa duka alikuwa anatufurahia sana, maana Mwanza alikuwa ameyaona hayo tangu utoto.

Mwaka ule mchezaji mmoja alisaini mkataba wa hela nyingi hivi kwamba mtangazaji alizitaja kwa sauti ya mtu anayetangaza msiba.

"Kwa hela hiyo nanunua Barking yote," mzee akasema, "na nyinyi mkiwa ndani."

Mimi nilichukia. "Nageuza wazee vitandani toka asubuhi, mgongo umekufa, halafu mtu alipwe hivyo kwa kupiga mpira na rungu?"

"Mtani, mgongo wako ulizoea mizigo tangu enzi za babu zako wapagazi," Kocha akasema. "Usitusumbue." Kisha akaacha mzaha, akasogeza kiti. "Lakini sikiliza. Huo mkataba unafika mpaka atakapokuwa mzee wa mchezo, magoti yameisha, hawezi kukimbia. Wenye timu hawajui? Wanajua sana. Wanamlipa uzee kwa ajili ya atakachokuwa ameshawapa. Hiyo mimi naiita adabu."

Alivyosema hivyo nilimpenda. Nilikuwa nimetoka kwa wazee ambao hakuna aliyekumbuka walichowahi kumpa mtu.

Ila tukifika kwa magwiji waliodanganya, huruma yake yote ilikuwa inakwisha. Kulikuwa na mpigaji mmoja wa zamani aliyejidunga sindano za kuongeza nguvu, na kila mwaka swali lilikuwa lilelile: awekwe kwenye jumba la heshima la magwiji wa besiboli au asiwekwe? Mzee alikuwa upande wa kusamehe.

"Mipira aliipiga au hakuipiga?" alikuwa akiuliza. "Mwekee sanamu. Chini yake andika alichofanya. Watu wasome vyote viwili."

"Afutwe," Kocha alikuwa akijibu. "Jina, picha, kila kitu. Aliyedanganya moja, yote yake ni uongo."

Mimi nilikaa upande wa mzee, zaidi kwa raha ya kumpinga mtani wangu.

Sasa niseme kwa nini Kocha alikuwa mtu mkubwa kwangu. Jumamosi asubuhi alikuwa anafundisha watoto wetu besiboli kwenye kona ya bustani moja ya umma, bure kabisa. Binti yangu aliingia huko mwaka ambao baba yake alituacha. Mtoto alikuwa amefunga kinywa. Nilikuwa nikimsemesha Kiswahili, ananijibu kwa neno moja la Kiingereza, anapanda juu chumbani. Kocha alimpa mpira, akamwonyesha jinsi ya kuushika, akamwambia arushe mpaka achoke. Uwanjani alikuwa hasikii Kiingereza. Dereva wa basi la London, hasikii Kiingereza! Mtoto akimjibu kwa Kiingereza, aliinua kichwa kutazama mawingu mpaka ajibiwe kwa Kiswahili. Baada ya miezi michache binti yangu akawa mrushaji wa timu, na jioni moja nikiwa nakatakata vitunguu akaja jikoni mwenyewe, akakaa juu ya meza na kuanza kunieleza kwa Kiswahili kilichopindapinda namna ya kumdanganya mpigaji kwa mpira wa polepole. Niliendelea kukata vitunguu vingi kuliko nilivyohitaji, kusudi asinyamaze.

Basi mimi na mzee tukataka kumfurahisha Kocha. Nilisikia kutoka kwa dada mmoja wa kanisani kwamba nahodha wa ile timu ya taifa yuko London, amekuja kumwona binti yake. Tukamtafuta, tukamwalika dukani bila Kocha kujua. Nilipika pilau. Mzee akamficha mgeni nyuma ya maboksi ya masufuria, mtu mzima na suti yake, na wote wawili walikuwa wakicheka chinichini.

Kocha alipoingia, mgeni akatokeza, mikono wazi.

"Dobi!" akasema. "Dobi wetu!"

Alimkumbatia kwa upendo wa kweli. Kisha akatugeukia, uso umejaa furaha, akatueleza. "Huyu bwana jezi zetu zote alikuwa anafua yeye. Siku tunaondoka kwenda Afrika Kusini alikesha nazo, na tulipopanda basi kwenda uwanja wa ndege tukamwacha pale getini ameshika beseni. Sijawahi kuvaa jezi safi kama zile mpaka leo."

Hakuwa na ubaya wowote. Kwake ilikuwa sifa. Kocha akacheka naye, akakaa, akala vijiko viwili vya pilau. Halafu akatazama simu yake, akasema kazini wanamhitaji. Hakunitazama alipokuwa anatoka.

Kesho yake akajitoa kwenye grupu letu la WhatsApp. Jumamosi watoto walimngoja kwenye manyunyu, mabegi miguuni, mpaka wazazi tukaona aibu tukawarudisha nyumbani. Jumamosi iliyofuata ikawa vilevile. Binti yangu alisukuma glavu yake chini ya kitanda. Nilimuuliza ana nini, akanijibu kwa lile neno moja la Kiingereza, akapanda juu. Nilibaki chini ya ngazi na hofu kubwa, nikijua kwamba mtoto wangu ameanza kunipotea tena.

Nikamwendea mzee anisaidie. Nilidhani yeye wa kusamehe magwiji atakuwa wa kwanza kumfuata Kocha. Kumbe alikuwa amevimba.

"Yule mpigaji wa sindano hakukaa kwenye kiti changu akanywa chai yangu," akasema. "Huyu amenisimulia kituo cha tatu miaka yote hiyo. Nilikuwa naona mpaka vumbi lake."

"Watoto amewafundisha au hakuwafundisha?" nikamuuliza.

Alipanga upya masufuria ambayo yalikuwa yamepangika.

Nikaenda peke yangu nyumbani kwa Kocha, Edmonton, kaskazini mwa London, treni moja hadi nyingine, halafu basi. Mke wa Kocha akanifungulia.

"Karibu dada," akasema. "Yupo, lakini hayupo."

Nilimkuta sebuleni mbele ya televisheni iliyozimwa. Nilikuwa nimepanga maneno mazuri njia nzima, ila nilipomwona amejikunja vile yakanitoka yote. Nikamwambia tu kwamba watoto wanamngoja.

"Mtani, mimi mwenyewe ndiye niliyesema afutwe," akanijibu. "Nilikuwa nayasema kila Jumapili, na kila nikisema nasikia ninasemwa mimi. Sasa yamenifika, nibadilishe sheria?"

"Uongo wenyewe ulianzaje?"

"Uwanjani. Mtoto mmoja aliniuliza kama nilichezea taifa. Nikasema ndiyo, ili anisikilize. Baada ya hapo ningerudi vipi?"

Ningekuwa mtu mwingine ningembembeleza. Lakini Mnyamwezi hambembelezi Mzaramo, na isitoshe hasira zilikuwa zimenipanda, kwa sababu alikuwa anazungumza juu ya heshima yake na mimi nilikuwa nafikiria mtoto aliyenyamaza ghorofani. Karibu na mlango kulikuwa na lile begi lake refu la marungu, glavu na mipira. Nikalibeba, nikajitwika kichwani kama walivyobeba hao mababu anaowataja, nikafungua mlango.

"Mtani, rudisha," akasema nyuma yangu.

"Mpagazi amepata mzigo. Utaukomboa Jumamosi, bustanini."

Alinifuata mpaka kwenye ngazi. Angeweza kuninyang'anya, ni mwanamume mrefu na mimi ni mfupi, lakini desturi ilimfunga mikono na alijua kwamba naijua. Mke wake alikuwa anacheka mlangoni, khanga mdomoni. Nilirudi Barking nikiwa nimelikumbatia lile begi kwenye treni, na abiria walinipa nafasi ya kutosha.

Jumamosi binti yangu alikubali kuja kwa sababu nilimwambia nimeiba. Mzee wa duka naye alitokea, kavaa koti la baridi kali wakati hapakuwa na baridi, kabeba chupa mbili za chai, na hakumweleza mtu kwa nini amekuja. Kocha aliingia kwa lango la chini akiwa na sare zake za kazi. Akasimama mbali kidogo na watu.

"Nimefuata mali yangu," akasema.

Nikaenda nikasimama mbele yake, nikawageukia wazazi na watoto, nikatoa sauti yangu yote.

"Jamani, sikilizeni. Huyu Mzaramo mnayemwona ametudanganya. Hakuchezea taifa. Alikuwa dobi. Afrika Kusini hajaiona hata kwenye ndoto. Kituo cha tatu alichokilinda ni kamba ya kuanikia nguo."

Wazazi wasiojua utani walinitazama kama nimemtukana mtu kanisani. Kisha mzee wa duka akaanza kucheka, kwanza puani, halafu mwili mzima, mpaka chai ikamwagika, na watu wakamfuata. Nikamwona Kocha amebana midomo, anajizuia, halafu ikamshinda akacheka naye.

"Na dobi huyu," nikasema, "amenirudishia mtoto wangu. Nani mwingine hapa amenifanyia hivyo? Asimame nimwone."

Kocha alivua kofia yake ya kazi, akaishika kwa mikono miwili.

"Mtani umenisema vizuri," akasema, "ila umeacha moja. Sijawahi kushika rungu kwenye mechi. Hata mara moja. Mazoezini ndiyo, wenyewe wakishachoka. Kwenye mechi, hapana."

Binti yangu ndiye aliyesogea. Alifungua begi, akachagua rungu refu kuliko yote, akampelekea. "Leo tuna mechi," akamwambia kwa Kiswahili. Kisha akavaa glavu, akaenda kusimama mahali pa mrushaji, na watoto wengine bila kuambiwa wakatawanyika kila mmoja mahali pake.

Niliogopa binti yangu atamhurumia Kocha, atampelekea mpira laini wa kumpendezesha, na kila mtu ataona. Kocha alisimama mahali pa mpigaji, miguu imekaa sawasawa kama alivyokuwa akiwaelekeza wao. Binti yangu alizungusha mpira ndani ya glavu. Akarusha kwa nguvu zake zote. Kocha alipiga hewa. Wa pili ulikuwa wa kasi zaidi, akaukosa vibaya kiasi cha kuyumba. Wa tatu ulikuwa ule wa polepole alionieleza jikoni. Kocha alipiga mapema mno, rungu likamzungusha, mpira ukapita nyuma yake taratibu, na ukikosa mitatu umetolewa.

Watoto wakapiga kelele za kushinda. Yeye akaliweka rungu chini kwa utaratibu, akaja kukaa kwenye benchi la waliotolewa, na mtoto mmoja akajisogeza kumpisha. Nikaenda kukaa kando yake. Macho yake yalikuwa yamejaa, na yangu pia.

"Umeona alivyonirushia?" akaniuliza. "Hakunionea huruma hata kidogo."