Mawe ya Njia ya Kisaki

Kipupwe hiki nimepanda mlimani, mimi niliyeapa kwamba magoti yangu hayatavuka tena mtaa wetu wa Mwembesongo. Ilinibidi. Mama mmoja anayeniletea karoti na kabichi kila Jumamosi alitua kapu lake mlangoni, akaniambia, katikati ya habari za mvua na bei, kwamba huko kwao amefariki bibi mmoja na wameshamzika tangu juzi. Aliponitajia ni nyumba ipi, nilikaa chini pale pale kizingitini. Marehemu alikuwa mwenzangu wa kambi. Nilikuwa na neno la kumwambia, na nililichelewesha tangu enzi za Mjerumani.

Basi nikapanda, nikipumzika kila penye kivuli, watoto wakinipita na mikungu ya ndizi vichwani, wakiniamkia "shikamoo bibi" bila kupunguza mwendo. Nikafika njia panda, pale ambapo njia moja inashuka kuelekea Kisaki na nyingine inapanda kwa kina mama yangu. Nikaona jiwe kubwa, juu yake jiwe dogo, na ubavuni jingine dogo. Nikashika mti nisianguke. Ngoja nikueleze mawe hayo ni nini, maana tuliojua tumekwisha, nadhani nimebaki mimi tu.

Shule yetu ya misheni ilikuwa mlimani, na wasichana tulifundishwa na mzungu mmoja tuliyemwita Mama Mwalimu. Hakuwa Mdachi, kama tulivyowaita Wajerumani. Kwao kulikuwa mbali zaidi, kaskazini, nchi ambako alisema maji ya ziwa huwa magumu hata watu wakatembea juu yake. Tuliitikia "ndiyo, Mama Mwalimu" kwa adabu zote, bila kuamini hata kidogo. Huko kwao, alisema, majira ya jua yakifika watoto hupelekwa msituni wakalale kwenye mahema, wajifunze mafundo ya kamba, kufuata nyayo na kujitegemea. Akaona na sisi tusikose. Siku hizi wajukuu zangu wanavaa skafu shingoni na kuniita nikawatazame kwenye gwaride la skauti, na wanadhani mambo hayo yameanza na wao.

Wazazi walishangaa kupita kiasi. Bibi yangu, mzaa mama, alisema mbele za watu kwamba yule mzungu ana nyumba ya bati na kitanda cha chuma, halafu anakwenda kulala kwenye majani kwa hiari yake, atafutiwe dawa. Baba yeye alicheka tu. Akatuchongea vigingi vya mahema, akabeba gunia la magimbi begani, akanisindikiza mpaka kambini.

Kambi ilikuwa siku saba, juu kabisa ya mashamba ya mwisho, kwenye uwazi wenye kijito. Mahema yalikuwa ya kitambaa cha amerikani, yakivuja kila yalipoguswa. Asubuhi ukungu ulikuwa mzito hata humwoni aliyekutangulia kwenda kuteka maji. Unasikia ndoo yake tu, na mbega wakikoroma mitini. Tulioga kijitoni, maji yanauma mpaka kwenye meno, na Mama Mwalimu akasema hayo kwao ni ya uvuguvugu. Kisha akatufundisha kuwasha moto. Sisi! Wasichana tuliozaliwa jikoni! Akapiga magoti, akapuliza mpaka akawa mwekundu, na kuni mbichi zikampa moshi. Mwenzangu akafunua kigae alichobebea kaa la moto kutoka kwao, akalizungushia maganda makavu ya mgomba, akapuliza mara mbili. Moto ukawaka. Mama Mwalimu akampigia makofi, akaandika kwenye daftari lake.

Kila mmoja alipewa mwenziwe, na sharti lilikuwa moja: usile kabla mwenzako hajapata chakula. Wangu alikuwa mtoto wa jirani yetu, mrefu, mchache wa maneno, asiyejua kuficha kitu. Tulipendana sana.

Mchezo uliotupendeza kuliko yote ulikuwa wa mawe. Kundi moja linatangulia msituni likiweka alama, lingine linafuata. Jiwe dogo juu ya kubwa, maana yake njia ni hii. Dogo ubavuni, pinda upande huu. "Na wa mwisho afute," alisema Mama Mwalimu kila siku, kwa Kiswahili chake cha kukatakata, maana alama ikiachwa itampoteza mtu mwingine kesho.

Nilimfundisha baba. Hakuwahi kusoma herufi hata moja, lakini mawe aliyashika siku moja, akayafanya yake. Tangu hapo, kila alipokwenda kulima aliniwekea jiwe njiani nijue yuko shamba la mtoni au la maharage. Mchana mama ananipa chakula kilichofunikwa kwa kawa, mimi na mwenzangu tunafuata mawe, na huko mwisho baba amejificha nyuma ya migomba akiita, "Jamani nimepotea, hakuna anayeniona?" Tulicheka kila siku, mzaha ule ule. Ndivyo nilivyoijua dunia: mwisho wa mawe kuna baba, na baba ana njaa.

Kisha vikaja vita. Mama Mwalimu aliitwa mjini kuuguza majeruhi, akaondoka na daftari lake akituahidi kwamba kipupwe kikifika tutapiga kambi kama kawaida. Sikumwona tena. Kipupwe kikafika, na badala ya kambi wakapanda askari wenye kamba, wakitafuta wapagazi. Wadachi walikuwa wanawakimbia Waingereza, wakihama na kila walichokuwa nacho kuelekea Kisaki, na mwanamume yeyote mwenye mabega alitakiwa. Waliokamatwa kule chini Mafiga hakuna aliyekuwa amerudi.

Baba akaamua tukajifiche kwenye uwazi wetu wa kambi, maana askari hawaujui. "Asiambiwe mtu," akasema, akinitazama mimi, "hata mwenzako." Tukaondoka asubuhi: baba mbele, wajomba zangu wawili, mama na mdogo wangu mgongoni, na mimi nyuma kabisa na kuku kwapani. Nilikuwa na furaha. Sikufichi, nilikuwa na furaha, kwa sababu tunakwenda kambini. Kilichonisumbua ni kwamba mwenzangu nilikuwa sijamuaga. Lakini neno la baba nililishika, sikumwambia mtu. Niliweka mawe tu.

Siku ya tatu, jua likiwa utosini, baba alikuwa anachoma magimbi kwenye majivu. Wakatokea askari wanne kwa mstari, wakihema kwa ule mlima. Wa mbele alikuwa na jiwe dogo mkononi, analirusha na kulidaka. "Jamani, nani katuwekea mawe?" akauliza akicheka. "Leo tungepotea. Mungu ambariki." Nilikuwa nimedhani mawe yale ni siri yetu sisi tuliosoma kambini. Kumbe mtu yeyote mwenye macho anaona kwamba yamepangwa, na kwamba aliyeyapanga amepita pale.

Baba akalitazama lile jiwe, kisha akanitazama mimi. Nikafungua kinywa. Sijui nilitaka kusema nini, labda samahani, labda ni mimi. Akaniwahi.

"Mwanangu, geuza magimbi," akasema kwa sauti yake ya kila siku, "yataungua."

Nikainama nikayageuza. Nilipoinua uso walikuwa wameshamfunga, yeye na wajomba, kamba moja. Hakupewa nafasi ya kuagana na mama. Hayo ya magimbi ndiyo maneno ya mwisho aliyoniambia, na hadi leo siwezi kusimama karibu na majivu ya moto bila kuyasikia.

Kesho yake niliteremka peke yangu, nikayatupa mawe yote kijitoni, moja moja. Wa mwisho afute. Sikufuta kwa ajili ya mtu asije akapotea. Nilifuta nisijulikane.

Mama hakutaka kuiona tena nyumba yetu, tukahamia kwa bibi, ng'ambo ya bonde. Baada ya majuma kadhaa mwenzangu akanikuta mtoni. "Mawe yako niliyaona siku ile," akasema. "Nilitaka kuja, mama akanizuia." Nikaendelea kuteka maji. "Kuna mtu kayatupa. Lakini nimeweka mengine, kutoka njia ya Kisaki mpaka huku kwa bibi yako. Baba yako akirudi akakuta nyumba tupu, atajuaje mlipo? Mawe anayajua." Alisema hivyo, akajitwisha mtungi wake, akaenda. Sikumwambia hata ahsante.

Na kwa kuwa hakujua kuficha, aliyaweka mchana kweupe. Watu wakamwona. Ilikuwa imeshasikika kwamba askari waliongozwa na mawe, basi ukoo wetu ukamwita uani kwa bibi, watu wazima wamekaa, yeye kasimama katikati, mtoto mwenye miguu mirefu.

"Wewe mtoto," akauliza mzee wa ukoo, "mawe haya anayaweka nani?"

"Ni mimi, babu."

"Wewe mwenyewe?"

"Mimi mwenyewe."

Hakuna aliyeuliza mawe yapi. Mwenzangu akageuza uso akanitazama, akangoja. Sasa najua alikuwa ananipa nafasi. Nikatazama vidole vyangu vya miguu. Nilijiambia kwamba baba ndiye aliyeninyamazisha na mimi ninamtii, lakini huo ulikuwa uongo. Niliogopa mama asije akaacha kunipenda.

Wakambandika jina, Mpanga Mawe. Wasichana wakaacha kuteka maji naye. Mama yake, mjane asiye na mtu, akaacha kuitwa kwenye kazi za ujima, akapalilia peke yake mpaka mgongo ukapinda. Mama yangu, mwanamke mwema kuliko wote niliowahi kuwajua, alikuwa akitema mate yule mtoto akipita. Mwaka uliofuata mjomba mmoja akarudi, mifupa mitupu, akasema alimwacha baba Kisaki, hai, amekaa kando ya njia akijifunga kidonda mguuni. Zaidi ya hapo hakujua. Kwa neno hilo moja, hai, mama alingoja mpaka akafa.

Mimi niliolewa mjini. Kila mwaka nilisema kipupwe kijacho nitapanda, nikasimame uani pale pale niseme. Mume akiugua naahirisha, mjukuu akizaliwa naahirisha. Sababu hazikunipungukia hata mwaka mmoja.

Sasa umeelewa kwa nini nilishika mti. Nikayafuata mawe, pole pole, yalikuwa mengi na yamewekwa vizuri. Nyumba ya bibi ilishaanguka zamani. Mahali pake mawe yalipinda, yakapita kati ya migomba, yakanifikisha nyumbani kwa marehemu. Waliokuja kwenye matanga walikuwa wamekaa mikekani. Msichana wa miaka kama kumi, mjukuu wake, akanipokea fimbo.

"Shikamoo, bibi. Umekuja kwa mawe?"

"Marahaba. Nimekuja kwa mawe."

Akakimbilia jikoni, akarudi na sahani. "Bibi alisema anayekuja kwa mawe apewe chakula kwanza, ametoka mbali. Kila kipupwe tunayapanga upya mawe, na chakula tunambakizia." Akanitazama vizuri, akasita. "Ila alisema ni mzee mwanamume, anatoka Kisaki. Kama ni wewe mimi sijui."

Yalikuwa magimbi ya kuchoma. Nikayageuza sahanini. Yalikuwa yameiva pande zote, hayakuungua popote. Nikala chakula cha baba yangu, na machozi yakanitoka mbele za watu nisiowajua.

Nilipomaliza nikasimama, nikasema yote: mawe ya kwanza ni yangu, ya marehemu yalikuwa ya kumrudisha mtu nyumbani, na niliyajua hayo siku ile anaulizwa. Walisikiliza kwa heshima. Mmoja, mtu wa makamo, akauliza taratibu, "Bibi, hivyo ni vita vya kwanza au vya pili?" Wote waliopaswa kusikia walikuwa wamekwisha kufa. Kumbe hawa walimwita Bibi Mawe wakidhani ni jina la mapenzi. Wakanipa pole. Nilitaka wanitukane, wakanipa pole na kikombe cha chai.

Yule msichana akanisindikiza. Nikamwomba tupite kwenye uwazi wa kambi. Ni shamba la kabichi sasa, kijito kimevutwa kwa mpira wa maji, na nilipomwuliza kuhusu mbega akaniambia amewaona kwenye kitabu cha shule. Nilitafuta hata kigingi kimoja cha baba. Mti aliouchagua ulikuwa mgumu, lakini miaka nayo ilikuwa mingi.

Tulipofika njia panda msichana akainama, akashika lile jiwe la juu.

"Bibi, si umeshafika wewe? Alituambia wa mwisho afute. Niyafute?"

Nikaitazama njia ya Kisaki, nyeupe, tupu, mpaka pale inapozama kwenye miti.

"Nilishayafuta mara moja," nikamwambia. "Yaache."