Kisanduku Kinachoanikiwa Soksi

Kila asubuhi, kabla hata ya kunawa uso, baba mkwe hubandika kiganja kwenye kisanduku cha fyuzi pale ukutani, kama anayempima mtoto homa, kisha huutangazia ukoo mzima: "Leo kimeamka vizuri. Pasi ruksa, birika hapana!" Mkazamwana wake amezoea kuchomoa friji ndipo anyooshe nguo, huku akipaza sauti, "Baba, nawasha!" Fyuzi ikiungua, mzee huisokotea waya mpya, ulimi nje, kwa vidole vyake vilivyobabuka, akinong'ona, "Pole, pole."

Siku mkazamwana alipoona moshi, alimwita fundi umeme bila kumwambia mtu. Fundi alinusa, akauliza kama kisanduku hupata moto.

"Sana!" mzee akajibu kwa fahari, akamwonyesha soksi nne alizozianika juu yake.

"Mzee wangu, hiki ni cha kubadilisha leo leo. Plastiki imeshaanza kuyeyuka. Kitawateketeza mkiwa mmelala."

Mzee akauliza, "Na hicho kipya, hakipati joto?"

"Hata kidogo."

Mzee akazitoa soksi moja moja, akazikumbatia kifuani.

"Sasa asubuhi nitajuaje kimeamkaje?"