Ndoo Niliyoiweka Chini

Wengine watasema nilikosa mdomo. Labda. Shule niliishia darasa la saba na kueleza mambo kunanishinda, lakini hili nitaliandika lilivyokuwa, pamoja na kosa langu.

Kwetu Ulyankulu, kwa wazazi wangu waliotoka Burundi, mdogo hambishii mkubwa. Ukiona anakosea shambani, unalaza jembe chini na kusimama. Basi. Yeye anaacha kulima, anauliza, "Kuna nini?" Ndipo unasema. Sijui kama nyumba zote za kule ni hivyo. Yetu ni hivyo.

Nilipopata kazi ya kuchuja asali kwenye ghala moja Isevya, nilipangwa pamoja na dada mmoja Mnyamwezi wa Kigwa, mkubwa kwangu. Huyo akikasirika anafoka mpaka mtaa wa pili wasikie, anakutania na ukoo wako wote, halafu saa saba mnakula ugali sahani moja, yameisha. Nilikuwa namwogopa, ila ugali wake nilikula.

Siku moja akaleta ndoo za masega ambayo nyuki walikuwa hawajayaziba kwa nta. Asali ya hivyo ina maji, huchacha. "Mimina kwenye pipa," akaniambia. Nikaiweka ndoo chini, nikasimama.

"Miguu imeota mizizi, mdogo wangu? Au unamsubiri mchumba?" Akacheka, akaichukua, akamimina mwenyewe. Ya pili, ya tatu. Mimi nimesimama tu.

Baada ya wiki mbili pipa likatoa povu. Msimamizi akatuita.

"Huyu alikuwepo," dada akasema. "Hakunikataza."

"Niliweka ndoo chini."

"Kwani kuweka ndoo chini ndiyo kusema?"

"Kwetu ndiyo kusema."

"Sasa mimi ningejuaje? Si ungenifokea tu, tukamaliza?"

Hapo alikuwa na haki, na nilimwambia hivyo mbele ya msimamizi. Lakini msimamizi alishaandika karatasi yake: kwamba wote wawili tulikubaliana kumimina. Nisaini, au kesho nisije.

Sitadanganya. Kazi ile niliihitaji. Nikamwambia, "Andika kwamba sikufungua mdomo, hilo nitasaini. Kwamba nilikubali, sisaini, hata kama narudi Ulyankulu leo hii."

Dada akamgeukia msimamizi. "Ndoo aliiweka chini kweli," akasema. "Niliona. Nikadhani uvivu."

Msimamizi akaguna, akafuta ule mstari, akaandika nilivyosema; nikasaini.

Siku hizi nasema kwa mdomo: "Dada, haya hayajaiva." Sauti inakwama kidogo, lakini inatoka. Nimejifunza kwake, sioni aibu. Ila ndoo naiweka chini kwanza, kila mara, na sitaacha. Juzi nimeiweka, naye akasimamisha chujio hewani, akasonya.

"Haya, mama ndoo. Kuna nini?"