Yai Jekundu la Mwende

Nilipokuwa msichana wa miaka kumi, nyumbani kwetu karibu na Tala, yai lilikuwa kitu cha kuogopwa kuliko nyoka. Nyoka ungeweza kumwua kwa fimbo. Yai lilikuwa limemfunga ulimi mdogo wangu Mwende, na hakuna aliyejua jambo kama hilo hupigwa kwa fimbo gani.

Aliyetulea ni Susu, mama mzaa baba. Mama alishona nguo kiwandani kule EPZ Athi River, akija nyumbani mwisho wa mwezi na sikukuu. Baba aliendesha lori na tulimwona mara chache zaidi. Mwende alipokuwa bado anatambaa, Susu alimwonya Mama: mtoto ambaye hajaanza kuongea hapewi yai, ukimpa ulimi wake utafungwa. Lakini nesi wa kliniki alikuwa amemwambia Mama aponde kiini cha yai, akichanganye na viazi, mtoto apate nguvu. Mama akafuata ya nesi.

Sasa Mwende alikuwa amepita miaka minne bila neno hata moja. Masikio yake yalikuwa mazima; ukifungua mkebe wa sukari chumba kingine, alikuja mbio. Alicheka, alilia, alinyoosha kidole. Neno, hapana.

Susu hakuwa mtu wa kelele. Alisema "Nilikwambia" mara moja tu, na hiyo moja ikatosha. Tangu hapo yeye na Mama walisalimiana vizuri, wakagawana kazi vizuri, na sikuwahi kuwasikia wakicheka pamoja. Mayai ya kuku wetu yaliwekwa juu kabisa ya kabati hadi siku ya soko. Mwende hakuruhusiwa hata kuyashika.

Mwaka huo parokia yetu ilipata sista mgeni kutoka Ulaya, Sista Halina, mrefu, mwenye Kiswahili cha kujikwaa na moyo mweupe. Wiki ya Matawi alituambia watoto wa katekisimu kwamba kwao, siku ya Pasaka, kila mtoto hupeleka kanisani yai lililotiwa rangi likabarikiwe. Tukamwuliza rangi inanunuliwa wapi. Akacheka. "Hakuna kununua. Maganda ya kitunguu! Chemsha, chemsha, weka yai. Basi."

Siku ya soko nikashuka Tala na mfuko mtupu, nikapita kwa akina mama wa vitunguu nikiomba maganda.

"Maganda?" mmoja akashangaa. "Kwani kwenu muko na njaa ya aina gani?"

"Ni ya kupaka mayai rangi, kwa kanisa."

Wote wakaangua kicheko, lakini nilirudi na mfuko umefura, mwepesi kama manyoya.

Kazi ngumu ilikuwa kumwambia Susu. Alinisikiliza mpaka mwisho, mikono yake ikiendelea kusuka kyondo, kikapu cha sisali. Halafu akasema, "Pika mayai yako, Mutheu. Ya kanisa siwezi kukataa. Lakini Mwende akigusa hata moja, mimi na wewe tutaonana."

Jumamosi asubuhi, Mama akiwa amefika tangu juzi, niliinjika sufuria nje kwenye mafiga. Nikatia maganda na maji, nikachochea moto. Sista alikuwa ameniambia pia kwamba ukibandika jani dogo juu ya yai, ukalifunga kwa kitambaa, jani litaacha umbo lake. Basi nikachuma dania, Mama akanipasulia leso kuukuu, tukaanza kufunga mayai sita moja moja na kuyakaza kwa uzi. Mwende aliketi kwenye kigoda mbali kidogo, pale Susu alipomweka, macho yake yameganda kwenye sufuria.

Susu alikaa kizingitini na sisali zake, ametupa mgongo. Nafikiri alikusudia kukaa hivyo asubuhi yote. Lakini alikuwa fundi wa rangi. Kabla hizi nyuzi za dukani hazijajaa, alitia rangi sisali zake kwa magome na mizizi, na watu walitoka hadi Kangundo kuja kununua vyondo vyake. Harufu ya rangi inayochemka ilimshinda. Kwanza aligeuza shingo. Kisha akainuka, akachungulia.

"Hii sio rangi," akasema. "Hii ni chai."

"Susu, ndivyo Sista alisema."

"Sista alikwambia itashika na nini? Rangi bila kitu chachu inaoshwa na mvua." Akaingia ndani, akarudi na maji ya ukwaju kwenye kikombe, akamimina, akakoroga. Akaongeza maganda mkono mzima. Maji yakaanza kugeuka, kutoka kahawia hadi wekundu mzito wa udongo wa kwetu baada ya mvua. "Haya. Sasa tia. Polepole!"

Baada ya hapo hakukaa tena. Alituamuru, mimi na Mama, kama vibarua wake. Geuza hilo. Punguza kuni. Usilifungue bado, lipoe na maji yake. Mama alikuwa akimjibu, "Ndiyo, Mwaitu," yaani mama, na mara moja nikamwona ameficha tabasamu.

Tulipoanza kuyafungua, hakuna aliyekuwa na mkono mtupu. Susu alishika sufuria. Mama alikata nyuzi. Mimi nilibandua vitambaa na kupaka kila yai mafuta ya kupikia ili ling'ae. La kwanza lilitoka rangi ya machungwa. La pili lilikuwa na mabaka. La tatu, Mungu wangu, lilitoka jekundu tupu, na ubavuni jani la dania limechorwa jeupe, meno yake yote yanahesabika.

Mwende alikuwa ameshafika. Sikumwona akija. Alinyoosha kidole.

Siku nyingine mmoja wetu angeruka kumletea anachotaka, au kumwondoa. Siku hiyo tulichelewa. Nikamwonyesha lile la machungwa, ili atulie tu. Akatikisa kichwa. Nikamwonyesha la mabaka. Akatikisa kichwa, akakanyaga chini kwa hasira, uso wake ukakunjamana, nami nikajua kilio kinakuja.

"Itumbi!" akasema.

Sauti ilikuwa nzito, kama ya mtu mzima aliyetoka usingizini. Kisha akavuta pumzi na kupiga kelele, "Itumbi itune!"

Yai jekundu.

Sufuria ikamponyoka Susu. Maji mekundu yakatapakaa miguuni pake, kwa bahati yalikuwa yamepoa. Mama alikaa chini pale pale kwenye udongo, mkono mdomoni. Mwende alitutazama mmoja mmoja, akashangaa kwa nini hatumpi.

Nilimwangalia Susu. Sikuthubutu kulitoa.

"Mpe," akasema.

"Susu, si ulimi..."

"Nimesema mpe! Mtu akiomba kwa kinywa chake, hanyimwi."

Nikalimenya. Mwende alilila lote, na chumvi kidogo, huku akirudia neno lake kila baada ya kumeza. Susu alimtazama hadi mwisho, kisha akamshika Mama mkono, akamwinua, akampangusa vumbi kwenye sketi kama mtoto. "Lilimfunga, limemfungua," akasema. "Usilie tena, mwiitu wakwa." Mwanangu. Walianza kucheka, wote wawili, wakacheka mpaka kuku wakakimbia.

Kesho yake kanisani Sista Halina alipoinama kumwuliza Mwende, aliyebeba yai jingine, ameshika nini, alijibu kwa sauti iliyofika altareni, mara mbili, na akina mama waliomjua wakapiga vigelegele hadi padre akasimama kungoja.

Leo Mwende anasoma chuoni, na ukimpigia simu, tafuta mahali pa kukaa. Nimewahi kusoma kwamba watoto wengine huchelewa kusema bila sababu ya kuonekana. Mimi nadhani pia kwamba tulikuwa tumemzoeza vibaya: alipoinua kidole, watu watatu walikimbia. Asubuhi ile, kwa mara ya kwanza, mikono yetu yote ilikuwa na kazi na yeye alitaka kitu kimoja tu, si kingine. Susu hakukubali maelezo hayo hadi alipotuacha, nami sikumbishia sana.

Maana kila nikikumbuka, naona kwamba aliyefunguliwa zaidi hakuwa Mwende. Mama yangu alikuwa ameishi miaka yote hiyo akiamini amemharibu mwanawe kwa kijiko kimoja cha chakula. Hakuna daktari ambaye angeweza kumwondolea hilo. Ilibidi neno la kumfungua litoke kinywani mwa yule aliyesema lile la kwanza.