Likizo ya Vidole

Wiki jana, kwenye ofisi ya alama za vidole hapa Jeddah, nilisimama nyuma ya mama Mkenya anayefanya kazi za nyumbani kwa madam mmoja, mtaa wa Al-Rawdah. Mumewe ana grini kadi ya Amerika na amewaombea yeye na watoto wamfuate. Mahojiano ni mwezi ujao Nairobi, na kilichobaki ni cheti cha polisi cha Saudia. Akabonyeza vidole kwenye mashine, akarudia, akarudia tena. Karani akatikisa kichwa.

"Mafi, hakuna kitu. Sabuni imekula alama zote. Kapumzishe mikono wiki nzima. Usifue, usioshe vyombo."

Mama akacheka. "Sasa madam nitamwambia nini?"

Jana nilirudi kuchukua cheti changu, nikamkuta tena hapo. Safari hii mashine ilikubali.

"Madam alisemaje?" nikamuuliza.

"Aliniangalia mikono, akavaa glavu, akaosha vyombo mwenyewe. Siku ya tatu akaniuliza, 'Kwani huwa ni vingi hivi kila siku?'"

Likizo ya uzazi naijua, ya msiba naijua. Hii ya vidole ndiyo kwanza niisikie, na aliyechoka nayo ni madam.